Kahawa ya Bugolobi na Bonde la Kidepo

Katika Bugolobi, upande wa mashariki wa mji wa Kampala, ndiko yalikokuwa maghala na mitambo ya Bodi ya Kuuza Kahawa ya Uganda. Hadi ukiritimba wa Bodi hiyo ulipoondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990, sehemu kubwa ya fedha za kigeni za nchi ilitokana na magunia yaliyopita mikononi mwake. Kahawa hiyo ilitoka Buganda, miteremko ya Mlima Elgon na wilaya nyingine zenye mvua ya kutosha. Karamoja, pembe kame ya kaskazini-mashariki inayopakana na Kenya na Sudan Kusini, haikuwa na kahawa ya kuleta Bugolobi.

Serikali ya kikoloni iliifanya Karamoja kuwa wilaya iliyofungwa, ambamo mgeni hakuingia bila kibali. Kilichoonekana kuwa na thamani huko ni wanyama. Mwaka 1958 Bonde la Kidepo lilitengwa kuwa pori la akiba, na mwaka 1962, mwaka ule ule wa uhuru, likatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Leo hifadhi hiyo ina eneo la kilomita za mraba 1,442.

Yafaa ikumbukwe kwamba bonde hilo halikuwa tupu. Jina lake husemwa kuwa latokana na neno akidep, yaani kuokota, kwa kuwa wenyeji walikwenda huko kuokota matunda ya mivumo. Waik nao waliwinda humo. Walipokatazwa, walibaki milimani wakitegemea kilimo katika nchi ya ukame, na katikati ya miaka ya 1960 njaa kali ikawapata. Mwanaanthropolojia Colin Turnbull, aliyeishi nao wakati huo, alitoa kitabu mwaka 1972 kilichowaonyesha kuwa watu waliopotewa na utu. Mtaalamu wa lugha Bernd Heine, aliyekwenda kwao baadaye, aliipinga picha hiyo mwaka 1985. Kwa hakika ilikuwa rahisi zaidi kuwashutumu wenye njaa kuliko kuuliza ni nani aliyelifunga ghala lao.

Wakati huo huo utalii wa Uganda ulistawi hata ukahesabiwa kuwa wa tatu kwa kuleta fedha za kigeni, baada ya kahawa na pamba. Hoteli za serikali zilijengwa hata Moroto, Gulu na Lira. Kisha ukaja utawala wa Idi Amin mwaka 1971, na watalii wakaikimbia nchi. Ulipoanguka mwaka 1979, ghala la silaha la kambi ya Moroto liliporwa, na bunduki zikaenea miongoni mwa wafugaji. Tembo waliuawa kwa wingi, na kufikia mwaka 1983 hapakusalia kifaru hata mmoja wa porini katika Uganda nzima. Ng'ombe walioporwa hawana idadi.

Sheria ya wanyamapori ya mwaka 1996 ndiyo iliyoleta jambo jipya: asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi irudi kwa serikali za mitaa zinazopakana nayo. Kwa mara ya kwanza mwenyeji alitambuliwa kisheria kuwa na haki katika mapato ya bonde alilonyang'anywa. Hata hivyo, biashara hii ni tete kuliko kahawa. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipofunga mipaka, magunia yaliendelea kwenda ng'ambo, lakini watalii hawakuja.

Tena asilimia hiyo huhesabiwa kwenye kiingilio cha langoni tu. Kitanda cha hoteli, ndege ndogo ya kukodi na gari la kutembeza wageni havimo. Malipo ya hayo hufanywa Kampala au ng'ambo, zaidi ya kilomita 500 kutoka mahali simba wa Kidepo wanapolala.