Urafiki wa Safari katika Nchi ya Mara

Neno rafiki limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na katika lugha hiyo hutumika kwa mwenzi, hasa mwenzi wa safari. Ndiyo maana Waarabu wana mithali imuusiayo msafiri atafute rafiki kwanza, ndipo ashike njia. Katika Kiswahili cha leo maana hiyo ya njia imefifia, na rafiki ni mtu yeyote apendwaye. Lakini huko bara, mbali sana na pwani, walikuwako watu ambao kwao urafiki na safari vilikuwa jambo moja. Watu hao ni wale wakaao kusini na kaskazini ya Mto Mara, katika nchi ambazo sasa ni wilaya za Serengeti na Tarime.

Wageni wa Kizungu walioandika habari za nchi hizi walisimulia zaidi vita na wizi wa ng'ombe. Mambo hayo yalikuwako, wala hayawezi kukanushwa. Hata hivyo, mtu akitazama jinsi watu walivyopata riziki, ataona kwamba vita peke yake visingeweza kuwaweka hai. Upande wa kusini Waikoma, Wanata, Waisenye na Wangoreme walilima mtama na uwele, wakafuga kidogo, wakawinda nyumbu wapitao kila mwaka. Katika mbuga walikaa Watatoga, ambao ni wafugaji. Na kusini-magharibi, mwendo wa siku kadhaa, ilikuwako nchi ya Wasukuma yenye nafaka na mifugo mingi. Mvua ya nchi hizi haina mizani: huweza kunyesha kwa jirani na kuliacha shamba la pili likikauka. Kwa hiyo mtu mwenye busara hakutegemea ghala yake tu. Alijiwekea akiba ya pili kwa watu wa mbali, nayo haikuwa nafaka bali urafiki.

Akiba hiyo ilianza kwa biashara. Wawindaji walichukua mikia ya nyumbu na vitu vingine vya porini, wakaenda navyo Usukuma, wakarudi na mbuzi au ng'ombe. Safari kama hiyo haikuwezekana bila mwenyeji. Mgeni asiye na mtu wa kumpokea alikuwa windo. Mwenye rafiki alikuwa na mlango wa kugonga, mahali pa kulala, na mtu wa kumsemea mbele ya wengine. Naye mwenyeji, akipatwa na haja, alijua upande gani wa kuelekea. Urafiki wa namna hii haukupimwa kwa siku moja. Thamani yake ilikuwa katika kudumu kwake, kwa kuwa deni la leo huenda lisilipwe ila baada ya miaka mingi.

Siku ya kulipa ilifika katika miaka ya 1890. Sotoka iliyoshuka kutoka kaskazini iliua ng'ombe kwa wingi usiosemeka. Ndui ikafuata, kisha ukame. Mwaka 1892 msafiri Oscar Baumann aliwaona Wamasai waliokondeana kwa njaa huko Ngorongoro, kisha akavuka Serengeti kuelekea Ziwa Viktoria. Katika masimulizi ya wazee wa Serengeti, yaliyochunguzwa na mwanahistoria Jan Bender Shetler, njaa ya wakati huo huitwa njaa ya miguu, kwa sababu watu waliikimbia kwa miguu yao hadi Usukuma. Njia waliyoishika ilikuwa ile ile ya biashara. Hapo ndipo methali isemayo kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki ilipopata ushahidi wake. Aliyekuwa na rafiki alipokewa. Asiyekuwa naye aliuza alichokuwa nacho, na wengine waliwaweka watoto wao rehani ili wapate chakula. Baadhi ya watoto hao walikombolewa baadaye, na baadhi wakakua wakawa Wasukuma. Yafaa jambo hili lisifichwe. Urafiki haukuondoa ukatili wa njaa. Ulitofautisha tu nyumba iliyorudi nzima na nyumba iliyorudi pungufu.

Upande wa kaskazini, kwa Wakuria wa Tarime, msingi wa kupokeana ulikuwa mwingine kidogo. Koo zao nyingi hazikuwa na mtawala mmoja, na mara kwa mara zilipigana. Lakini zote zilishiriki majina ya vizazi, yaliyo katika mizunguko miwili, kila mzunguko majina manne. Majina kama Saai, Nyambureti, Gamunyere na Maina ni ya mzunguko mmoja. Malcolm Ruel aliueleza utaratibu huo mwaka 1962. Msafiri aliyefika katika ukoo mgeni aliweza kujulikana mara moja kwa jina la kizazi chake, na wenyeji wakajua ni nani aliye wa rika lake na ni nani wa kumheshimu kama baba. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana nchi kwa mstari, na Wakuria wakawa pande mbili. Lakini majina ya vizazi yaliendelea kueleweka huku na huko.

Kusini ya Mto Mara mpaka ulikuwa mzito zaidi. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilipoanzishwa mwaka 1951, nyika waliyoizoea wawindaji ilianza kufungwa, na njia nyingi za kale zikafungwa pamoja nayo. Waliohesabu hasara walihesabu nyama na malisho. Hasara nyingine haikuhesabiwa: njia isiyopitwa haizai marafiki, na urafiki usiotembelewa hufa pamoja na wazee walioufunga. Mwanafunzi wa lugha akutanapo na neno rafiki katika kamusi yafaa akumbuke kwamba wako watu ambao kwao jambo hilo lilikuwa ghala, na kwamba ghala hiyo ilikuwa mwisho wa safari.