Kutoka Ndonya Mpaka Chai ya Kukata Tumbo

Kama unadhani kuumia kwa ajili ya urembo kumeanza na Instagram, rudi nyuma kidogo. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, wa makumbusho ya Leipzig, alipita Masasi akapanda mpaka Newala, akapiga picha za wanawake wenye ndonya kwenye mdomo wa juu na chale usoni. Iliuma, usidanganywe. Ila binti hakuachwa peke yake. Bibi alijua, mama alijua, na unyagoni kulikuwa na kungwi.

Wembamba wenyewe haukuwa sifa. Uwanda wa Makonde ni mkavu, wanawake wa Newala walishuka mabondeni kuchota maji na kupanda nayo kichwani, na kabla ya mavuno chakula kilipungua. Mtu mwembamba alisomeka ana njaa. Miaka ya 1980 ukaja UKIMWI, Uganda wakauita kabisa "Slim", na aliyekonda ghafla akaanza kunong'onwa.

Halafu zikaja simu. Leo "kata tumbo siku saba" iko status ya WhatsApp, kifurushi kinafika na basi. Fiji walionja mapema: televisheni iliingia Nadroga mwaka 1995, na kufikia 1998 wasichana wa shule asilimia 11 hivi walisema wanajitapisha ili wapungue. Mwanzo hakukuwa na hata mmoja.

Sasa hiyo chai. Nyingi zina sena, dawa ya kuharisha. Inafanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati ugali umeshanyonywa huko juu zamani, kwa hiyo kinachopungua kwenye mzani ni maji tu. Ukizidisha, potasiamu inashuka na mapigo ya moyo yanavurugika. Vidonge navyo: sibutramini iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya moyo na kiharusi, lakini imeendelea kukutwa imefichwa ndani ya vitu vinavyoitwa mitishamba.

Na aliye hatarini zaidi wala hana kitambi. Ni yule binti ambaye sketi inamvuka na bado anajiona mnene. Kwa mama anasema amekula kwa bibi, kwa bibi anasema amekula kwa mama. Chai anakunywa usiku, wenzake wamelala. Ndonya ilionekana toka ng'ambo ya uwanja. Hii haionekani mpaka siku aanguke mstarini, asubuhi, mbele ya shule nzima.