Swali Lenye Majibu Mawili: Historia Fupi ya Gurudumu la Akiba na Uvutaji wa Magari

Wahenga walisema akiba haiozi. Mimi niliiona akiba iliyooza. Ilikuwa usiku wa mwezi wa Novemba, kati ya kinamasi cha Lwera na mji mdogo wa Lukaya, katika barabara itokayo Kampala kwenda Masaka. Tairi la mbele la kushoto la Subaru Forester ya mjomba wangu lilikuwa limechanwa ubavuni na jiwe. Mjomba alifungua buti, akatoa gunia la mkaa na madumu mawili, akainua kifuniko cha chini na kulitoa gurudumu la akiba. Halikuwa na upepo hata kidogo, na ubavuni lilikuwa na nyufa kama shamba la kiangazi. Lilikuja na gari hilo kutoka Japani, na kwa miaka minne hakuna aliyelitazama.

Mjomba alilipakia kwenye bodaboda akaenda nalo Lukaya kumtafuta fundi wa pancha. Mimi niliachwa kulinda gari. Kabla hajarudi, gari la brekidauni lilipita, likapunguza mwendo na kusimama. Dereva wake alikuwa mtu mzima, mpole, aliyeonekana kuijua kazi yake. Aliniuliza swali moja tu: "Hili linavutwa na magurudumu ya mbele, au linasukumwa na ya nyuma?"

Sikujua, lakini niliona aibu kusema sijui. Injini iko mbele, nikawaza, basi na nguvu iko mbele. Nikajibu, "Ya mbele." Akaliinua gari kwa mbele, magurudumu ya nyuma yakabaki chini. Mjomba aliporudi, gurudumu lililojazwa upepo lilikuwa limeshavuja tena, mvua ilikuwa imeanza, na gari lilikuwa tayari limening'inia. Hakuwa na nguvu ya kuuliza. Tukavutwa zaidi ya kilomita 20 hadi Masaka. Tulipofika, chini ya gari palitoka harufu ya mafuta yaliyoungua. Asubuhi fundi alituambia kwamba giaboksi imeharibika.

Gari hilo lilikuwa likibeba abiria wa kukodi, na fedha zake ndizo zilizonilipia karo. Lilikaa miezi mitatu bila kutembea. Muhula ule nilijisajili nikiwa nimechelewa, na mjomba aliuza ng'ombe. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mwanangu, wewe uliulizwa ukajibu." Maneno hayo yamekaa nami muda mrefu. Nikiwa mwanafunzi wa historia, nilianza kujiuliza swali lile lilitoka wapi. Katika insha hii ninadai kwamba swali la dereva lilikuwa sahihi kwa miaka mingi, na kwamba liliacha kutosha siku magari ya kawaida yalipoanza kuendeshwa na magurudumu yote manne. Gari lilibadilika, swali halikubadilika, na gharama ilimwangukia mwenye gari.

Nianze na gurudumu la akiba. Tairi la upepo tunalolijua lilitengenezwa na John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo Mskoti aliyeishi Belfast, ambaye alipata hataza mwaka 1888. Mskoti mwenzake, Robert William Thomson, alikuwa amepata hataza ya wazo kama hilo mwaka 1845, lakini halikushika. Matairi ya Dunlop yalikuwa ya baiskeli. Mwaka 1895 ndugu wawili, André na Édouard Michelin, waliingiza gari lenye matairi ya upepo katika mashindano ya Paris hadi Bordeaux na kurudi. Njia nzima walipata pancha baada ya pancha. Hata hivyo waliwaonyesha watu kwamba gari laweza kukimbia juu ya upepo, na tangu hapo dereva na pancha wakawa ndugu.

Magari ya kwanza hayakuwa na gurudumu la akiba. Gurudumu halikufunguliwa kwa urahisi kama leo, hivyo dereva alilazimika kulibandua tairi palepale barabarani, kuziba tundu, kulirudisha na kupiga pampu kwa mkono. Mwaka 1904, katika mji wa Llanelli huko Wales, ndugu wawili, Walter na Thomas Morris Davies, walibuni rimu isiyo na spoki, yenye tairi lililokwisha kujazwa upepo. Ilibanwa kando ya gurudumu lililopata pancha, na safari ikaendelea. Waliipa jina la mtaa walimofanyia kazi, Stepney. Mpaka leo, huko India na Malta, watu wengi huliita gurudumu la akiba kwa jina la mtaa huo. Baadaye magurudumu yalipokuja kufungwa kwa nati, gurudumu kamili la akiba likafungwa ubavuni mwa gari, kisha nyuma, kisha likafichwa chini ya buti. Hapo ndipo tulipoanza kulisahau. Kilichofungwa ubavuni kilionekana kila siku, lakini kilicho chini ya gunia la mkaa hakionekani mpaka siku ya shida.

Gari la kuvuta magari mengine nalo lina mwanzo wake. Mwaka 1916, huko Chattanooga katika jimbo la Tennessee nchini Marekani, fundi Ernest Holmes aliitwa kulitoa gari la rafiki yake lililotumbukia kijitoni. Alitumia watu na kamba, na kazi ikawa ngumu mno. Aliporudi gereji akafunga nguzo, minyororo na kapi juu ya gari la Cadillac la mwaka 1913, na hivyo akapata chombo cha kuinua gari upande mmoja na kulivuta. Leo mjini humo kuna jumba la makumbusho ya kazi hiyo.

Mbinu ya Holmes ilifaa kwa sababu magari ya wakati ule yalisukumwa na magurudumu mawili tu. Baadaye kanuni ikawa rahisi kuikariri: inua yale yenye nguvu, yaache yasiyo na nguvu yazunguke chini. Gari la kusukumwa na magurudumu ya nyuma liinuliwe nyuma, na la kuvutwa na ya mbele liinuliwe mbele. Kwa hiyo dereva niliyekutana naye hakuwa mjinga. Alikuwa mrithi wa kanuni iliyowatumikia watu kwa miongo mingi.

Magari ya magurudumu manne yenyewe si mageni. Kampuni ya Spyker ya Uholanzi ilitengeneza gari la mashindano la aina hiyo mwaka 1903. Vita Kuu ya Pili vikaleta Jeep, na mwaka 1948 Land Rover ikaonyeshwa Amsterdam. Lakini haya yalikuwa magari ya shamba na vita. Katika Jeep dereva alikuwa na wenzo wa kuunganisha magurudumu ya mbele anapoingia matopeni, na wa kuyaachia anapofika barabara nzuri. Aliyeliendesha alijua kwa mkono wake kwamba gari lake lina namna mbili za kutembea.

Mabadiliko makubwa yalikuja pale teknolojia hiyo ilipoingia katika gari dogo la familia. Jensen FF ya Uingereza ilitangulia mwaka 1966, lakini yalitengenezwa machache na yalikuwa ya matajiri. Huko Japani, kampuni ya umeme ya Tohoku ilitaka gari la kuwapitisha mafundi wake kwenye theluji lililo na starehe kuliko Jeep, na mwaka 1972 Subaru ikauza Leone ya magurudumu manne. Mwaka 1980 Audi ikaonyesha Quattro mjini Geneva. Katika Quattro magurudumu yote manne yalipata nguvu wakati wote, na dereva hakuhitaji kufanya lolote. Magari mengi yakafuata njia hiyo. Kwa macho yalifanana na magari mengine, na wenzo ule uliomkumbusha dereva ukatoweka.

Sisi wa Afrika Mashariki tuliyaona mabadiliko haya kwa macho yetu. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya magari ya kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yakaitwa Safari Rally. Kwa zaidi ya miaka 30 washindi walitumia magari ya magurudumu mawili yenye nguvu, kama Volkswagen, Peugeot, Datsun na Toyota. Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda na baadaye kuwa Mkenya, alishinda mara tano, ya kwanza mwaka 1973 akiwa na Datsun 240Z. Mwaka 1987 Hannu Mikkola wa Finland alishinda kwa Audi 200 Quattro, na hiyo ikawa mara ya kwanza kwa gari la magurudumu manne. Mwaka 1997 Colin McRae akashinda na Subaru Impreza. Jina la Subaru likaingia vichwani mwa vijana wetu, na magari yake yaliyotumika Japani yakaingia bandarini Mombasa na Dar es Salaam, mengine yakipandishwa mpaka kwetu Uganda.

Magari yalifika, lakini elimu yake haikufika nayo. Kitabu cha maelekezo cha gari la mjomba kimeandikwa kwa Kijapani. Nilikipata ndani ya kabati la dashibodi, safi kabisa. Kuna picha inayoonyesha gari likivutwa huku limeinuliwa upande mmoja, na juu ya picha hiyo kuna alama kubwa ya X. Sikuhitaji kujua Kijapani kuielewa, nilihitaji tu kukifungua.

Kilichotokea usiku ule ni hiki. Gari linapokata kona, magurudumu ya mbele na ya nyuma hayaendi umbali uleule. Kwa hiyo katikati ya gari la magurudumu manne kuna kifaa, iwe difu ya kati au klachi maalumu, kinachoruhusu tofauti ndogo. Gari likiinuliwa mbele na kuvutwa, magurudumu ya mbele yamesimama kabisa na ya nyuma yanazunguka maelfu ya mara. Tofauti ndogo imekuwa kubwa kupita kiasi, na kifaa kinasuguana mpaka kinaungua. Kuweka gia ya nyutro hakukiokoi, kwa sababu kifaa hicho kiko upande wa magurudumu.

Hesabu hiyohiyo inahusu gurudumu la akiba. Tuseme tairi la kawaida lina mzunguko wa mita 2. Litazunguka mara 500 kwa kilomita. Tairi dogo la akiba lenye mzunguko wa mita 1.9 litazunguka karibu mara 526. Hizo 26 za ziada zinalipwa na difu kwa kila kilomita. Ndiyo maana tairi dogo ni la kukufikisha kwa fundi wa karibu tu, kwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Katika baadhi ya Subaru za zamani zenye giaboksi ya otomatiki kuna nafasi ya fyuzi ya kuyaachia magurudumu ya nyuma wakati tairi dogo linapotumika. Fyuzi hiyo haihalalishi kuvutwa gari likiwa limeinuliwa upande mmoja.

Njia salama, basi, ni kulipandisha gari zima juu ya lori bapa na kulifunga, au kuyaweka magurudumu yanayobaki chini juu ya kitoroli chenye magurudumu yake. Kama haiwezekani na magurudumu yote manne yanabaki chini, livutwe kwa nyutro, usukani ukiwa umefunguliwa kwa ufunguo, kwa mwendo mdogo na umbali mfupi uliotajwa kitabuni. Anayeshika usukani akumbuke kwamba injini ikiwa imezimwa breki huwa ngumu. Na gurudumu la akiba liwe la saizi ileile, lipimwe upepo kila mara yale mengine yanapopimwa, litazamwe nyufa, na lifungwe imara pamoja na jeki na spana yake.

Wanahistoria tunapenda kuuliza nani alibuni nini na mwaka gani. Nimejifunza kuuliza pia: kitu kiliposafiri, ni nini kilichoachwa nyuma? Ndugu wa Llanelli walitupa akiba, na Holmes akatupa mkono wa kuinua. Vyote viwili vilitufikia. Kilichochelewa ni jibu la tatu la swali la dereva.

Mwezi uliopita gari liliharibika tena, safari hii betri, karibu na Mpigi. Brekidauni ikaja, kijana akashuka na mnyororo. "Mbele au nyuma?" akauliza. Mjomba akanitazama mimi.

"Yote manne," nikasema. "Tafadhali mwite mwenye lori."