Gia za otomatiki: Jinsi ya kuzuia hitilafu na kushuka milima kwa usalama

DEREVA anayetoka Nairobi kuelekea Narok au Naivasha kupitia Mai Mahiu hufika mahali ambapo ardhi hukatika ghafla na Bonde la Ufa kutandazika chini yake. Kuanzia hapo barabara huteremka kilomita baada ya kilomita, upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili korongo. Malori yenye shehena hujikokota, matatu huyapita, na asubuhi ukungu huweza kufunika kona zote.

Hapo ndipo hujulikana ni dereva yupi anayeielewa gia ya gari lake, na ni yupi anayetegemea breki pekee.

Magari mengi ya kibinafsi nchini Kenya ni ya gia za otomatiki. Mengi huagizwa kutoka Japani yakiwa yametumika, na kwa mujibu wa kanuni za uagizaji hayafai kuwa yamezidi umri wa miaka minane. Huwasili katika bandari ya Mombasa yakiwa na kitabu cha maelezo kilichoandikwa kwa Kijapani, ambacho mnunuzi hukitupa ndani ya dashibodi asikifungue tena. Matokeo ni kwamba dereva hutumia herufi D, R na P kila siku, lakini L, 2 au S huendelea kubaki fumbo kwake miaka nenda miaka rudi.

Kutojua huko huwa na gharama. Wakati mwingine gharama hiyo ni giaboksi. Wakati mwingine ni uhai.

Mnamo Juni 30, 2023, lori lilipoteza mwelekeo katika makutano ya Londiani na kugonga matatu, wafanyabiashara na wapita njia. Zaidi ya watu 50 walifariki. Miaka mingi kabla ya hapo, sehemu ya Salgaa na Sachangwan katika barabara iyo hiyo ya Nakuru kuelekea Mau Summit ilikuwa tayari imepata sifa mbaya, na maafisa wa usalama barabarani wamekuwa wakilaumu mazoea ya baadhi ya madereva kuteremka wakiwa wametia gia huru, maarufu kama frii, ili kuokoa mafuta.

Gia ya otomatiki hufanyaje kazi?

Katika gari la kawaida, dereva hukanyaga klachi na kubadilisha gia kwa mkono. Katika gari la otomatiki, kazi hiyo hufanywa na mafuta maalumu yanayosukumwa kwa shinikizo. Kati ya injini na giaboksi kuna chombo cha mviringo kilichojaa mafuta hayo. Injini huyazungusha mafuta, nayo mafuta huizungusha giaboksi. Ndiyo sababu gari hilo linaweza kusimama kwenye taa za barabarani likiwa katika D bila injini kuzima.

Mafuta ya gia hivyo basi hufanya kazi nne kwa pamoja: husafirisha nguvu, hubana sahani za ndani zinazochagua gia, hulainisha vyuma na huondoa joto. Yakipungua, yakichakaa au yakichemka kupita kiasi, kazi zote nne huharibika kwa wakati mmoja.

Aidha, pampu inayosukuma mafuta hayo huendeshwa na injini. Injini ikizimwa, mafuta hayazunguki. Hii ndiyo sababu gari la otomatiki haliwashwi kwa kusukumwa, na kwa kawaida halifai kuvutwa kwa kamba masafa marefu huku magurudumu yanayopokea nguvu yakiwa chini. Njia salama ni kulipakia juu ya gari la kubebea magari, au kuyainua magurudumu hayo.

Baadhi ya magari ya kisasa yana gia ya aina ya CVT, ambayo hutumia mkanda wa chuma na magurudumu mawili yanayobadilisha upana. Aina hii huhitaji mafuta yake yenyewe. Kuitilia mafuta ya otomatiki ya kawaida kwa kuwa ni ya bei nafuu ni kuiua taratibu.

Dalili za hitilafu

Giaboksi ni nadra kufa bila kutoa onyo. Dereva makini huona dalili zifuatazo mapema:

• Gari huchelewa kuondoka baada ya kutiwa D au R, kisha hushtuka kwa kishindo.

• Injini hunguruma na mshale wa mizunguko kupanda, lakini mwendo hauongezeki. Mafundi husema gia inateleza. Mlimani dalili hii huonekana kwanza, kwa sababu huko ndiko mzigo ulipo.

• Harufu ya kuungua, au mafuta mekundu au ya kahawia kudondoka chini ya gari.

• Gari hukataa kubadilisha gia na kubaki katika gia moja, huku taa ya onyo ikiwaka. Mara nyingi hii huwa ni kompyuta ya gari inayojaribu kuilinda giaboksi isiharibike zaidi.

• Sauti ya kuvuma inayobadilika kadiri mwendo unavyobadilika.

Hata hivyo, si kila udhaifu mlimani unatokana na gia. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko, kwa kuwa hewa huwa nyepesi. Gari lililozoea Mombasa litahisi uzito likifika Limuru, ambako ni zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Chujio cha hewa kilichoziba huleta dalili iyo hiyo. Kwa hivyo ni busara fundi aipime kompyuta ya gari na kukagua vitu vidogo kabla ya kushusha giaboksi nzima, kazi ambayo ni ghali.

Kukagua mafuta

Katika magari yenye kijiti cha kupimia, kwa kawaida gari huegeshwa mahali tambarare, injini ikiwa imepata joto na inanguruma, gia ikiwa katika P. Kijiti huchomolewa, hufutwa kwa kitambaa safi, hurudishwa na kuchomolewa tena. Kuna magari ambayo hupimwa injini ikiwa imezimwa, na mengine hayana kijiti kabisa, hivyo maelezo ya mtengenezaji ndiyo ya kufuatwa.

Mafuta mazuri ya otomatiki ya kawaida mara nyingi huwa mekundu na angavu. Yakiwa meusi na kunuka kama kitu kilichoungua, sahani za ndani zimeanza kuteketea. Yakiwa na rangi ya maziwa, maji yamepenya, pengine kupitia radieta. Kuzidisha mafuta nako kuna madhara, kwa kuwa hutoa povu na povu halina shinikizo.

Muda wa kuyabadilisha hutofautiana kulingana na aina ya gari. Anayepanda milima kila siku, anayebeba mizigo au anayekaa katika misongamano anafaa kuyabadilisha mapema kuliko anayesafiri tambarare. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kupanda mlima

Kosa la kwanza la madereva wengi ni kukanyaga mafuta hadi sakafuni na kuiacha gia katika D. Kompyuta huhangaika kupanda na kushuka kati ya gia mbili, na kila badiliko huongeza joto. Ni afadhali kuzima kitufe cha O/D, au kuchagua gia ya 3, 2, S au L kulingana na ukali wa mlima, ili gari litulie katika gia moja.

Kosa la pili ni kulizuia gari lisirudi nyuma kwa kukanyaga mafuta kidogo kidogo, hasa katika msongamano wa mlimani. Gari husimama, lakini ndani ya giaboksi mafuta yanachemka. Breki ndiyo iliyoundwa kwa kazi hiyo. Dereva anapotaka kuondoka, na avute breki ya mkono, akanyage mafuta hadi ahisi gari linavuta, kisha aiachilie breki hiyo.

Kamwe gia isibadilishwe kutoka D hadi R, au kinyume chake, kabla ya magurudumu kusimama kabisa.

Gia ikianza kuteleza katikati ya mlima, kuendelea kulazimisha ni kuteketeza kilichosalia. Dereva na atafute mahali pa wazi nje ya barabara, atie P, avute breki ya mkono na kuiacha injini ingurume polepole kwa dakika kadhaa ili mafuta yazunguke na kupoa. Lakini kipimo cha joto la injini kikiwa kimepanda hadi sehemu nyekundu, au mafuta yakimwagika au moshi ukitoka, injini izimwe mara moja na abiria watoke, wasimame mbali na barabara.

Kushuka mlima

Kanuni ya zamani ingali ya kweli: mlima hushukwa kwa gia ile ile ambayo ungetumika kupandwa. Gia ichaguliwe kabla ya mteremko kuanza, gari likiwa katika mwendo wa chini. Anayesubiri hadi spidi imemshinda huenda akakuta kompyuta inakataa kushusha gia, kwa kuwa kufanya hivyo kungeivunja injini.

Sababu ni rahisi kueleweka. Gari la kilo 1,500 likiteremka mwinuko wa mita 500 huachilia nishati inayotosha kuchemsha takriban lita 20 za maji, yaani mtungi mzima wa manjano ambao kina mama hubebea maji. Sehemu ya nishati hiyo huchukuliwa na upepo na magurudumu. Iliyosalia lazima iende mahali fulani. Ikiwa gari liko katika gia ya chini, injini huimeza kiasi kikubwa. Likiwa katika frii, karibu yote huishia katika breki.

Breki zikipata joto hilo, vibao vyake hupoteza mshiko. Baya zaidi, mafuta ya breki yanaweza kuchemka. Mafuta mapya ya aina ya DOT 3 hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini hunyonya unyevu kutoka hewani, na yakishaingia maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi nyuzi 140. Yakichemka hutoa mvuke, na pedali huzama hadi sakafuni bila gari kupunguza mwendo. Ndiyo sababu mafuta ya breki hubadilishwa hata kama hayajapungua; watengenezaji wengi hupendekeza kila baada ya miaka miwili.

Breki zikanyagwe kwa nguvu kwa muda mfupi, mwendo upungue, kisha ziachiliwe zipoe. Kuziwekea mguu mfululizo kutoka juu hadi chini ni kuzipika. Magari ya haibridi mara nyingi huwa na alama ya B kwa ajili ya miteremko kama hiyo.

Breki zikikataa

Dereva ambaye breki zimemkataa asizime injini wala asitie frii. Injini ikizimwa, usukani huwa mzito na msaada wa breki huisha baada ya kukanyaga mara chache. Badala yake:

1. Aondoe mguu kwenye mafuta na kuipampu pedali ya breki haraka haraka. Huenda shinikizo likarejea.

2. Ashushe gia hatua kwa hatua, kutoka D hadi 3, 2 na L.

3. Avute breki ya mkono polepole huku amebonyeza kitufe chake, asije akaifunga ghafla na gari likazunguka.

4. Awashe taa zote za dharura na kupiga honi ili wengine wapishe.

5. Atafute mahali panapopanda, changarawe au kichaka. Pakikosekana, kulikwaruza gari polepole kwenye ukingo wa udongo upande wa mlima ni afadhali kuliko kugonga uso kwa uso au kutumbukia korongoni.

Kuegesha mlimani

Herufi P hushikilia gari kwa kipande kidogo cha chuma ndani ya giaboksi. Kuuacha uzito wote wa gari ukilalie kipande hicho ni makosa. Dereva akanyage breki, atie N, avute breki ya mkono, aachilie pedali ili gari lilalie breki hiyo, ndipo akanyage tena na kutia P. Magurudumu ya mbele nayo yaelekezwe kando ya barabara, ili gari likisogea lisiingie njiani.

Likiharibika, pembetatu za onyo ziwekwe mbali vya kutosha, na kabla ya kona ikiwa gari liko nyuma ya kona. Matawi ya miti yanayotupwa barabarani hayaonekani usiku. Wanaotumia mawe kuzuia magurudumu wayaondoe wanapoondoka, kwani jiwe lililoachwa kwenye lami limewahi kuwa chanzo cha ajali nyingine.

Dereva anayejiandaa kwa safari ya Mai Mahiu, Salgaa, Nithi au Tambach anahitaji dakika 10 tu kabla ya kuondoka: apime mafuta ya gia na ya breki, akague magurudumu, na ajaribu mahali tambarare jinsi gari lake linavyoitikia L na 2. Mteremko si mahali pa kujifunza.