Kipindupindu: Jina la Maradhi na Njia Yake

Neno kipindupindu lina shina moja na kupinda na kupindua. Yaelekea walioliunda walimwona mgonjwa akijikunja kwa kukakamaa misuli, mwili umekwisha maji kwa kuhara na kutapika. Basi jina hili latueleza namna maradhi yanavyomtesa mtu, halituelezi yaingiapo. Swali hilo la pili ndilo lililowashughulisha matabibu wa karne ya 19.

Mwaka 1854, John Snow alionyesha ya kuwa vifo vingi vya mtaa wa Broad Street, London, vilikizunguka kisima kimoja cha bomba, na mpini wa bomba ukaondolewa. Mwaka huo huo Filippo Pacini alikiona kijidudu chenyewe huko Florence, asisikilizwe. Robert Koch alikithibitisha mwaka 1884, Snow amekwisha kufa. Kwa hiyo njia ya maradhi ilijulikana kabla ya adui mwenyewe kukubaliwa.

Kwetu pwani habari hizi ziliandikwa na James Christie, tabibu Mskochi aliyekaa Unguja. Katika kitabu chake cha mwaka 1876 alifuata nyayo za kipindupindu tangu 1821. Alieleza jinsi maradhi ya 1869 yalivyoshuka kutoka bara kwa misafara, yakipita nchi ya Wamasai hata Pangani, kisha yakavuka bahari kuingia Unguja. Baadaye Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hata 1888, alileta mjini maji ya chemchemi kwa mfereji.

Leo twajua ya kuwa vijidudu hivyo hutoka katika choo cha mgonjwa, vikaingia kinywani mwa mwingine kwa maji, kwa mikono, au kwa chakula. Wali uliopikwa ukaachwa kupoa huweza kuvizalisha, na samaki wa kombe wasioiva huweza kuvibeba. Kinga yake ni kuchemsha maji, kula chakula kingali moto, kunawa kwa sabuni baada ya kwenda chooni na kabla ya kupika, na kutenga vyoo mbali na visima. Aliyekwisha shikwa anyweshwe upesi maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo chake, na kupelekwa hospitali.

Yawapasa wafasiri wa mashauri ya afya kulizingatia jambo hili. Msikiaji aambiwaye "jihadhari na kipindupindu" amepewa jina la mateso tu. Atajwe mkono, kata ya maji na sahani, apate kujua pa kuyazuilia.