Mafuta ya Kikaango: Tarehe ya Kuku wa Malai katika Ugogo

Ikitajwa meza ya Wagogo, aghalabu msikilizaji hufikiri ugali wa uwele, mlenda uliopikwa kwa magadi, na maziwa mgando yaliyomiminwa kutoka katika kibuyu. Na dhana hiyo si ya uongo, maana ndivyo vyakula vilivyolea watu katika uwanda ule mkavu, ulio juu ya bahari kwa kiasi cha mita 1,100, ambao mvua yake huanza Desemba na kukoma Aprili, na kwa mwaka mzima hukaribia milimita 570 tu. Walakini katika baadhi ya nyumba za mji wa Dodoma, hasa za wapishi, watumishi wa reli na walimu wa misheni, ilikuwapo sahani nyingine, iliyopikwa Krismasi, Idi, au siku ya kuja mgeni wa mbali: kuku wa kienyeji aliyechemshwa, akagaragazwa katika unga wa ngano wenye pilipili manga, akakaangwa kwa samli, kisha akamwagiwa mchuzi mweupe mzito wa malai. Mama yangu aliipika. Wengi wa rika langu waliolelewa katika nyumba za namna hiyo wamejaribu kuipika baada ya wazazi wao kufariki, na karibu wote hunung'unika kwamba ladha siyo ile. Nimeona vema nifuate tarehe ya sahani hii, kwa kuwa sababu ya manung'uniko hayo, kwa maoni yangu, haimo katika mkono wa mpishi bali katika mafuta, na mafuta yamegeuza mambo ya Ugogo mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Kuku mwenyewe ni mkazi wa zamani. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara, itokayo Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, ilipita Ugogo, wala haikuwa rahisi kuiepuka nchi hiyo: mashariki yake ilikuwako nyika isiyo na maji ya Marenga Mkali, magharibi yake pori la Mgunda Mkali, na katikati ndiko kulikokuwa na visima na nafaka, navyo vilikuwa mikononi mwa watemi wa Kigogo, waliotoza hongo ya nguo kabla ya kuruhusu msafara uteke maji. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walipita huko mwaka 1857, Stanley mwaka 1871, na mfanyabiashara wa pembe Tippu Tip, ambaye alituachia habari za maisha yake kwa Kiswahili, alipita na pembe zake. Na hongo ya Ugogo iliwatoa wasafiri jasho kuliko jua lake. Lakini hongo ikiisha kulipwa soko lilifunguka, na wapagazi waliotoka katika nyika wakiwa na njaa walinunua mtama, mbuzi, kuku na maziwa kwa vipande vya merikani na kaniki. Merikani, kama jina lake lisemavyo, ilitoka Marekani, katika viwanda vya Massachusetts. Na Wamarekani, hasa wa majimbo ya kusini, ndio wenye sifa duniani kwa kuku wa kukaanga mwenye mchuzi wa malai. Msomaji asije akaunganisha mambo hayo mawili kwa haraka: nijuavyo mimi, kilichofika Ugogo kutoka kwao zama zile ni nguo, si upishi.

Upishi ulikuja kwa reli. Wajerumani walianza kuijenga Reli ya Kati Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma mwaka 1910, na Kigoma mwaka 1914 vita ilipokuwa mlangoni. Behewa zilishusha unga wa ngano, pilipili manga, vikaango vya chuma, na zaidi ya hivyo zilishusha wapishi, watu wa pwani waliokwisha kuzoea majiko ya Wazungu, ambao kazi yao ilikuwa na heshima yake na siri zake, na ambao waliwafundisha vijana wa bara kwa kuwasimamisha kando ya jiko miezi mingi wakiosha masufuria kabla ya kuwapa mwiko. Wamisionari walikuwa wamewatangulia: watu wa chama cha misheni cha CMS walikuwako Mpwapwa tangu miaka ya 1870, na mwaka 1927 ilipoundwa Dayosisi ya Tanganyika ya Kati chini ya Askofu George Chambers, kazi ya Mvumi, Kongwa na Kilimatinde ilishikwa zaidi na Waaustralia. Naamini majikoni mwa watu hao ndimo mchuzi mweupe ulimopata makao, kwa sababu mjomba wa mama yangu, ambaye ndiye aliyemfundisha, aliujulia katika nyumba ya misheni. Kati ya mambo hayo mawili, reli na dayosisi, palipita vita ya 1914 hadi 1918, ambamo majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi wa Ugogo, na baada yake njaa ya Mtunya iliyoua maelfu. Hapakuwa na mtu wa kukaanga kitu miaka ile.

Ng'ombe waliporudi kuongezeka, samli nayo ilirudi. Hapa naomba ruhusa nikawie kidogo, kwani hii ndiyo kazi ambayo vijana wa mji hawajaiona. Mama wa Kigogo hukamua alfajiri, na ng'ombe wake, mwenye nundu na umbo dogo, humpa lita moja au mbili tu baada ya ndama kupata haki yake; walakini maziwa hayo yana mafuta kiasi cha asilimia 5, ilhali ya ng'ombe wa Kizungu mwenye mabaka meupe na meusi hayafiki 4. Maziwa huachwa kibuyuni yagande, kisha kibuyu hutikiswa mbele na nyuma, taratibu, mpaka mlio wake ubadilike kutoka maji kuwa kishindo kizito, na hapo ndipo mtikisaji ajuapo kwamba siagi imejitenga. Siagi hutiwa chunguni juu ya moto mdogo. Hutoa povu, povu hukatika, mashapo hutulia chini yakiwa na rangi ya kahawia, na juu hubaki mafuta ya manjano yenye harufu ya moshi wa kibuyu. Wenye maduka wa Kihindi na Kiarabu waliinunua samli hiyo wakaijaza katika madebe yaliyokuwa ya mafuta ya taa, ikasafirishwa kwa reli, na serikali ya mkoloni, ambayo Idara yake ya Mifugo ilikuwa Mpwapwa, iliona kuwa ni bidhaa yenye kustahili kuangaliwa.

Kwa hiyo ni jambo la ajabu, na mimi husema ni kichekesho kilicholipiwa ghali, kwamba mwaka 1947 Waingereza walikuja Kongwa, mwendo mfupi tu kutoka Mpwapwa, kutafuta mafuta ya kukaangia. Vita ya pili ilikuwa imeiacha Uingereza na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula, chakula kikigawiwa kwa vibali, na serikali ya chama cha Labour ikakubali shauri la kulima karanga katika zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa zikiwa Tanganyika. Yaliletwa matrekta, na mengine yalikuwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa kazi. Yakavunjika katika mizizi na mibuyu. Udongo wa Kongwa, ambao baada ya mvua hukauka ukashupaa, ulizishika karanga ardhini zising'oke, na mvua yenyewe haikuja kwa kiasi kilichoandikwa katika makaratasi ya London. Mwaka 1951 shauri lile liliachwa, na pauni milioni 36 za fedha ya umma zikafutwa katika vitabu. Mibuyu iliyopona ipo hadi leo.

Ila kwa muda wa miaka ile michache Kongwa ilikuwa mji wenye mishahara, na penye mishahara pana wapishi. Maelfu ya vibarua na mamia ya Wazungu walitaka kula, bei ya kuku na mayai ikapanda katika vijiji vya kandokando, na wapishi wa misheni walihamia kambini kwa ujira bora. Nadhani wakati huo ndipo sahani yetu ilipotoka katika jiko la bwana na kuingia katika nyumba ya mpishi mwenyewe: alikuwa na fedha ya kununua unga wa ngano, na mkewe alikuwa na ng'ombe. Jambo la pili ndilo kubwa. Bwana alikula mchuzi wa maziwa ya kopo. Mpishi, nyumbani kwake, alitia malai.

Malai hayo yalipatikana kwa kuchemsha maziwa ya jioni na kuyaacha yalale katika sufuria pana hadi asubuhi, yakaenguliwa kwa kijiko yakiwa mazito na yenye mikunjo. Baada ya kuku kukaangwa, samli ilipunguzwa ikabaki ya kufunika chini ya kikaango pamoja na chembe za unga zilizoungua kidogo. Ukanyunyizwa unga mwingine, ukakorogwa kwa mwiko mpaka harufu ya ubichi itoke. Ikatiwa supu ile iliyomchemsha kuku. Na malai yakaja mwisho, moto ukiwa umepunguzwa, maana yakitokota hukatika na mchuzi huwa maji na mabonge. Vipande viligawiwa kwa adabu ya kale: firigisi ya baba, paja la mgeni, vipapatio vya watoto.

Kuku nao wana tarehe yao ya biashara. Wachuuzi wa Dodoma na Singida, kwa miaka mingi, wamewabeba katika matenga kwenda Dar es Salaam, na msafiri wa treni ya Kigoma alijua kwamba akifika Saranda, katika Manyoni, atapata kuku wa kienyeji aliyepikwa, akiletewa dirishani. Adui wao ni mdondo, ugonjwa ambao kiangazi hufagia mabanda ya kijiji kizima. Chanjo ya matone ya jicho ipo, hustahimili joto kuliko zile za zamani, na mfugaji anayeirudia kila baada ya miezi mitatu hulala usingizi.

Tangu chama cha TANU kilipokata shauri mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, na zaidi tangu serikali ilipohamia kwa vitendo kuanzia 2016, mji umekua na jiko limebadilika. Kuku wa kisasa wa wiki sita huiva kabla unga haujapata rangi, na nyama yake huachana na mfupa kikaangoni. Mafuta ya alizeti, ambayo ni fahari ya Dodoma na Singida wala siyatukani, hukaanga vizuri, ila hayana harufu yoyote ya kuupa mchuzi. Maziwa ya pakiti hayaweki malai ya kuenguliwa, kwa kuwa mafuta yake yamekwisha kusagwa kiwandani yasijitenge. Treni mpya ya umeme, iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024, madirisha yake hayafunguki.

Basi msomaji mwenye hamu ya kuku wa mama yake na asitafute karatasi ya mapishi, kwani hayo niliyoyaandika hapo juu ni mapishi kamili. Angoje Februari au Machi, majani yakiwa mabichi. Aende soko la Majengo mjini Dodoma, au kwa mwenye ng'ombe yeyote huko vijijini, aagize samli ya kibuyu na maziwa ya jioni ambayo hayakuongezwa maji. Na kuku amnunue mzima, mtetea aliyekwisha kutaga, amchinje nyumbani.