Printa Moja, Kompyuta za Kila Namna: Ukuta Ulivyobomolewa

Leo kompyuta ya Windows, Mac na simu ya Android zinaweza kuchapa kwenye printa moja ya sebuleni bila mtu kuhangaika na waya wala diski ya draiva. Wengi hudhani wepesi huu umeletwa na ubora wa vifaa. Historia inaonyesha vingine: uwezo ulikuwapo zamani, kilichokosekana ni lugha ya pamoja ambayo hakuna kampuni iliyoifungia kabatini. Mwaka 1985 Apple ilitoa LaserWriter kwa dola 6,995. Ndani yake mlikuwa na prosesa ya Motorola 68000 ya megahezi 12, yenye kasi kuliko ile ya Macintosh iliyoipelekea kazi. Kwa bei hiyo, ilibidi printa hiyo iundwe tangu mwanzo itumiwe na kompyuta kadhaa kupitia waya za LocalTalk. Lakini mtandao huo ulizungumza AppleTalk. Kompyuta za PC zilishika SMB, itifaki iliyoasisiwa na Barry Feigenbaum wa IBM mwaka 1983, na mashine za Unix zilikuwa na LPD kutoka Berkeley. Kila ukoo ulikaa na lugha yake.

Aliyetoboa ukuta kati ya Unix na PC ni Andrew Tridgell, mwanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia mjini Canberra. Kuanzia mwishoni mwa 1991 alinasa ujumbe uliopita mtandaoni kati ya kompyuta, akauchambua kipande kwa kipande hadi akaelewa mashine zinaambiana nini. Programu aliyoiandika ilifanya kazi, ila jina lake likagongana na alama ya biashara ya kampuni nyingine. Akaiagiza kompyuta imtafutie katika orodha yake maneno yenye herufi s, m na b kwa mfuatano huo. Yakatoka machache, likiwemo samba. Kwa Samba, seva ya Unix iliweza kuzipa PC mafaili na printa kana kwamba ni mwenzao. Hata hivyo, kubahatisha lugha ya mwingine ni kazi isiyokwisha. Mwaka 2004 Tume ya Ulaya iliitoza Microsoft, kampuni ya Windows inayotumia SMB, faini ya euro milioni 497 na kuiamuru itoe maelezo ya namna seva zake zinavyowasiliana, huduma za uchapaji zikiwemo. Desemba 2007 kundi la Samba lilipata nyaraka hizo kwa euro 10,000.

Yupo atakayesema kwamba bila kampuni kubwa mambo haya yangebaki makaratasini, na kwamba ni AirPrint ya Apple ya mwaka 2010 iliyorahisisha kazi. Nguvu ya Apple ni kweli, lakini tuangalie ilisimama juu ya nini. AirPrint imejengwa juu ya IPP, itifaki ya wazi iliyochapishwa mwaka 1999. Mac zenyewe zilikuwa zikichapa kwa CUPS, programu huria ya Michael Sweet, tangu 2002. AppleTalk, lugha ya Apple yenyewe, iliondolewa katika Mac OS X mwaka 2009. Mwingine atasema uwazi huwafungulia wezi mlango. Kasoro nzito zilipatikana katika programu za CUPS mwaka 2024, hilo halikanushiki. Lakini kasoro ya uchapaji iitwayo PrintNightmare ya 2021 iliikumba Windows, ambayo msimbo wake haukuwa wazi. Kufungia maelezo hakukuzuia kasoro. Uwazi angalau unampa mtu yeyote mwenye ujuzi nafasi ya kuiona kasoro na kuirekebisha.

Kwa hiyo unaponunua printa ya nyumbani, usiishie kwenye bei na kasi. Uliza kama inakubali kimojawapo cha viwango vilivyojengwa juu ya IPP: IPP Everywhere, AirPrint au Mopria. Printa inayojua lugha ya wote itaendelea kukuhudumia hata utakapobadilisha kompyuta.